Bobini Ikiisha Nasimama

Tulikuwa rakaa ya kumi na moja ya tarawehe. Imamu akatoa takbira ya kuinuka kutoka sijida, safu nzima ikasimama, mimi nikabaki chini, mikono miwili sakafuni, mguu wa kulia umenigomea. Haukufa ganzi wala haukuvimba. Ulikataa tu kunyooka, kama bawaba iliyoshika kutu. Zilizobaki nilizimaliza nimeketi, na tulipotoka msikitini nikamwambia jirani yangu kwamba ni uchovu wa saumu.

Mimi ni fundi wa kushona, Langoni, hapa Lamu. Nina miaka 63, na 38 kati ya hiyo nimeikalia nyuma ya cherehani. Ramadhani ndio msimu wetu: kila mtu ataka kanzu mpya ya Idd, na kila mtu huleta kitambaa kumi la kwanza likisha kupita. Naketi kuanzia saa mbili asubuhi hadi alasiri, narudi baada ya tarawehe mpaka karibu na daku. Kiti changu kilikuwa kigoda kifupi cha mbao kisicho na mgongo, nikikikalia magoti yanapanda juu kuliko kiuno. Miaka mitatu kabla ya hapo nilitia mota kwenye cherehani, nikajiona nimeendelea. Zamani nilipokuwa nikikanyaga pedeli, angalau miguu ilikuwa ikifanya kazi mchana kutwa. Mota ilipoingia, kuanzia kiunoni kwenda chini hakikusogea kitu ila ncha ya kiatu.

Kosa la kwanza ni kwamba sikujua kinachouma ni nini. Maumivu yalikaa mbele, kinenani, pale paja linapokutana na tumbo, kisha yakashuka hadi gotini. Basi nikatibu goti. Miezi miwili nilipaka goti dawa za kila rangi, nikalifunga bendeji, nikalifukiza, na goti la watu halikuwa na kosa lolote. Baadaye ndipo nilipoelezwa kwamba fundo la nyonga ni kama mpira uliokaa ndani ya kikombe, limezama ndani kabisa, na likiwa na shida mara nyingi mtu huisikia kinenani, na pengine goti ndilo hulia kwa niaba yake. Pale pembeni ambapo sote tunapapiga kofi na kusema "nyonga yaniuma" mara nyingi huwa ni misuli na kano za nje, na maumivu ya nyuma, takoni, mara nyingi hutoka mgongoni. Laiti ningalijua hilo mapema, pesa za bendeji zingebaki mfukoni.

Dalili nyingine nilizipuuza moja baada ya moja. Kucha za mguu wa kulia nilikuwa siwezi kuzikata, nikamwachia mke wangu. Suruali nilianza kuivaa nimeketi kitandani. Ngazi za nyumba zetu mnazijua, nyembamba na za kusimama wima. Nikawa napanda mguu mmoja, nauvuta wa pili, kama bibi harusi. Na gatini, pale pa kuvuka kutoka kwenye ngazi yenye ukoga wa bahari hadi ukingo wa boti, nilikuwa nangoja watu wote wapande kwanza ili nipate mtu wa kunishika mkono bila kuonekana.

Hapa Lamu punda wana kituo chao cha matibabu pale ufukoni, tangu 1987. Mwenye punda humpeleka mnyama siku ya kwanza anapochechemea. Mimi nilichechemea miezi sita.

Miezi hiyo sikukaa bure, nilihangaika. Vidonge vya maumivu, diklofenaki, nilivinunua dukani kama peremende, asubuhi na jioni, ilhali nina presha na hakuna aliyeniuliza wala mimi sikusema. Nilipigwa chuku, yaani kuumikwa, mara tatu. Nilisingwa kwa mafuta ya ufuta na karafuu na mzee mmoja mwenye vidole vya chuma, na nasema kweli, kusingwa kulinituliza, nililala usingizi wa kitoto. Ila kila mara baada ya siku mbili ukakamavu ulirudi palepale, kwa sababu mimi nami nilirudi palepale, kwenye kigoda. Nikijumlisha vidonge, chuku, mafuta na nauli ya kwenda Malindi kuonana na mtu aliyesifiwa, nilitumia zaidi ya shilingi 16,000. Nilipofika hospitali mwishoni, pamoja na picha ya eksirei, sikumaliza hata nusu ya hizo.

Lakini kosa ninalolionea haya zaidi ni la simu. Mwanangu alinitafutia video ya mazoezi ya nyonga. Kijana mmoja mwembamba, ufukweni, amekunja mguu mmoja mbele yake chini na mwingine ameutupa nyuma, kifua kimelala juu ya goti, anatabasamu. Nikasema, mbona huyu anaketi tu. Nikafunga mlango, nikatandika mkeka, nikakunja mguu, na nilipoona hauendi nikausukuma kwa mkono na kujirushia uzito juu yake, mara moja, mara mbili. Ya tatu kitu kikavutika kinenani na jasho likanitoka. Sikuweza kuinuka. Mke wangu na mwanangu walininyanyua huku na huku kama gunia la mchele, na wiki mbili nilitembea na mkongojo wa marehemu babangu. Mtu aliyeshona nguo miaka yote hiyo anajua kabisa uzi mkavu ukiuvuta kwa ghafla unafanya nini. Kwenye mwili wangu nilisahau.

Mfungo Sita ukaingia, mwezi wa Maulidi. Maulidi ya msikiti wa Riyadha wageni huja kutoka kila upande wa pwani, na usiku watu huketi mikekani saa nyingi, bega kwa bega. Tangu utotoni sijakosa. Mwaka ule nilipewa kiti cha plastiki ukutani, pamoja na wazee wa miaka themanini, na mmoja wao akanisogezea mto wake wa mgongoni. Nilirudi nyumbani kimya. Mke wangu alinitazama, akasema, "Yeo waenda sipitali, au niite punda akutukue?"

Nikaenda.

Daktari alinikalisha, akanilaza, akaukunja mguu na kuuzungusha ndani na nje, taratibu. Kuuzungusha ndani ndiko kulikouma. Picha ilionyesha gegedu ya fundo, ile nyama ngumu laini inayofunika ncha za mifupa, imeanza kulika kidogo, jambo la kawaida kwa umri wangu, alisema, na si la kisu. Kilichobaki ni kwamba misuli ya mbele ya nyonga imefupika na ya nyuma imelala usingizi. Kuhusu vidonge hakunificha: dawa za aina ile zaweza kupandisha presha, kuchubua tumbo na kuumiza figo, na mwenye presha hazimezi kiholela. Alipopima, presha yangu ilikuwa imepanda kweli. Akaniandikia niende kwa mtaalamu wa fiziotherapia, wa kutibu kwa mazoezi.

Nilitazamia mwanamume mwenye mikono mipana. Nikamkuta binti wa umri wa mwanangu wa tatu. Nikasita, naye akajua. Akasema, "Baba, siku nyingine njoo na mama, aone mazoezi ili akukumbushe. Na uvae suruali pana chini ya kikoi, utakuwa huru." Hilo nawaambia wenzangu wenye haya kama zangu: suruali pana, na mwenzio akiwa chumbani, haya zote huisha dakika ya kwanza.

Aliniuliza siku yangu nzima, saa kwa saa. Nikajitetea kwamba mimi si mtu wa kukaa tu, naswali mara tano, narukuu, nasujudu, hayo si mazoezi? Hakunipinga kwa dharau. Alisimama akanionyesha kwa mwili wake: ukirukuu nyonga inakunjwa, ukisujudu inakunjwa, ukiketi inakunjwa, na ukisimama inanyooka tu. Hakuna mahali paja linapokwenda nyuma ya mwili. Cherehani nayo inakunja. Kula mkekani, kunakunja. Barazani, kunakunja. Mimi mtu mzima nilikuwa sijapeleka paja langu nyuma, pengine, miaka kadhaa, isipokuwa nilipokuwa natembea, na kutembea kwenyewe nilikupunguza nilipoanza kuumia. Maneno hayo yalinikaa kuliko picha ya eksirei.

Mazoezi aliyonipa yalinivunja moyo kwa udogo wake. Nilitaka kitu cha kutoa jasho, la sivyo nione nimetibiwa vipi?

La kwanza lilikuwa la kitandani, chali: kuvuta goti moja kifuani kwa mikono yote miwili, mguu mwingine umelala. Mwenye goti linalouma hushika nyuma ya paja, si juu ya goti. La pili, chali vilevile, magoti yote mawili yamekunjwa na nyayo juu ya godoro, kuyalaza pamoja kulia, kisha kushoto, polepole kama mashua iliyotia nanga. Hilo halina kazi kubwa, alisema, ni la kupasha fundo moto, na kweli nikilifanya asubuhi kabla ya kutia mguu sakafuni ule ugumu wa kwanza hupungua.

La tatu ni la kiti. Unaketi mbele ya kiti kigumu kilichoegemezwa ukutani, unaweka kifundo cha mguu mmoja juu ya goti la pili, unanyoosha mgongo, kisha unainamia mbele kidogo kutoka nyongani. Mvuto husikika nyuma, takoni. Mimi mwezi wa kwanza mguu haukufika gotini kabisa. Niliuweka juu ya kile kigoda cha zamani badala yake, na binti akasema inafaa. Kosa nililolifanya hapa ni kukunja mgongo kama mtu anayetafuta sindano iliyoanguka, nikidhani kadiri kichwa kinavyoshuka ndivyo faida inavyopanda. Mgongo ukikunjwa nyonga haipati kitu.

La nne ndilo dawa yangu. Unasimama ukiuelekea ukuta, viganja ukutani, mguu mmoja mbele, mwingine nyuma hatua ya kawaida, vidole vyote vinatazama mbele. Sasa unabana matako kidogo na kuingiza mkia ndani, kama punda anayeogopa fimbo, kisha unasogeza kiuno mbele kiasi cha vidole vinne tu. Ukilifanya vizuri utausikia mvuto mbele ya nyonga ya mguu wa nyuma. Ukiusikia kiunoni mgongoni, umepinda, anza tena. Siku tatu nilikuwa nalifanya vibaya na kulalamika kwamba halifanyi kazi. Siku ya nne nikalifanya juu ya mkeka, mkeka ukateleza kwenye sakafu iliyopigwa saruji laini, na ni ukuta ulionidaka. Tangu hapo mkeka hauhusiki: ni sakafu kavu, mguu mtupu au kiatu cha mpira, na kitu kisichosogea cha kushika.

Kuna mtu atakayesoma hapa ambaye kusimama hivyo hawezi. Kwake kuna namna ya kitandani: unalala chali karibu na ukingo, unakumbatia goti la mguu wa ndani, na ule wa ukingoni unauachia uning'inie nje ya kitanda. Samadari zetu ndefu ni kama ziliundwa kwa ajili hiyo. Mkongwe asilifanye peke yake siku za mwanzo, maana kudondoka ni rahisi.

Kila mvuto nauweka nusu dakika hadi dakika moja. Sisi wazee misuli yetu yataka muda zaidi kuliko vijana, ndivyo nilivyoambiwa, na nusu dakika ndio mwanzo. Saa ya ukutani siioni bila miwani, kwa hiyo navuta subhanallah 33 kwa utulivu. Kwangu hiyo hutosha kuvuka nusu dakika, na ina faida ya pili, huwezi kubana pumzi ukiwa unataja. Kubana pumzi kwa mwenye presha si kuzuri. Mara mbili au tatu kila upande, na ule mguu mzima pia, usiuonee kwa sababu haulii. Hakuna kudundadunda. Binti alinipa kipimo cha sifuri hadi kumi: mvuto uishie tatu. Ukiamka kesho yake na kinachouma kimezidi jana, ulipitiliza, punguza. Ukichomwa ghafla kinenani, acha hapohapo.

Pia nisifiche: kuvuta misuli peke yake hakukutosha. Wiki ya tatu aliniongezea kuinua matako nikiwa chali, na kuketi na kusimama kitini bila kushika, mara tano, kisha nane, kisha kumi. Haya ndiyo yaliyonitoa jasho nililokuwa nikilitaka, na ndiyo yaliyonirudishia ngazi.

Wiki mbili za mwanzo sikuona tofauti yoyote na nilikaribia kurudi kwa yule mzee wa mafuta. Kilichonizuia ni mke wangu, aliyekuwa anafanya nami kila jioni baada ya alasiri, mwili ukiwa umeshapata moto, tena yeye anafika mbali kuliko mimi na ananicheka. Wiki ya tano nilijikuta juu ghorofani nimeshika sinia ya chai, na sikukumbuka kupanda ngazi. Mwezi wa tatu nikakata kucha zangu mwenyewe. Kukaa tahiyyatu nilirudia polepole, na kimto chini. Hadi leo siku za baridi ya kusi mguu hukataa na mimi huchukua kiti bila kinyongo. Kukunja miguu mkekani zaidi ya robo saa bado siwezi, na nimeambiwa pengine nisitazamie. Gegedu iliyolika hairudishwi kwa mazoezi.

Kabla hujaanza, kuna dalili ambazo si za mazoezi ya ukutani wala ya kitandani. Umeanguka na huwezi kukanyaga, au mguu umeonekana mfupi na umegeukia nje. Fundo ni la moto na una homa. Maumivu hayatulii hata usiku ukiwa umelala na mwili unapungua. Au umeingia ganzi katikati ya mapaja na mkojo hauzuiliki: hayo yote ni hospitali siku hiyohiyo, boti ya usiku ikihitajika ikodiwe. Aliyewekewa nyonga ya bandia, au aliyeambiwa mifupa yake imekuwa dhaifu, aonyeshwe kwanza na mtaalamu mienendo gani aepuke, asiige yangu.

Sasa kile kigoda. Seremala wa mtaa wa pili alinitengenezea kiti kirefu zaidi chenye mgongo, nikatia sponji ngumu, na sasa nyonga ziko juu kidogo ya magoti. Shilingi 2,500, na cherehani ikabidi iinuliwe kwa vipande vya mbao. Ni pesa ninayoisifu kuliko zote.

Lakini kiti kizuri nacho ni mtego, unakaa zaidi. Binti aliniambia nisikae zaidi ya nusu saa bila kuinuka. Nilijaribu kengele ya simu. Nikawa naizima bila kujua. Nikajaribu adhana, ambazo mji huu hauna uhaba nazo, ila kati ya alfajiri na adhuhuri kuna saa nyingi mno. Mwishowe nilichopata kilikuwa mbele ya macho yangu siku zote. Bobini, kile kigurudumu kidogo cha uzi wa chini, huisha uzi, na ikiisha cherehani haishoni hata ukiibembeleza. Basi nikajiwekea: bobini ikiisha nasimama. Sijazi nyingine nimeketi. Nainuka, naenda mpaka mlangoni, naweka viganja ukutani, nyonga ya kulia, nyonga ya kushoto, narudi, najaza. Ukiwa mpishi, mwalimu, mchonga milango, msuka mikeka, kazini mwako lazima kuna kitu kinachoisha mara kwa mara. Kitafute.

Kijana ninayemfunza kazi ana miaka 22 na alikuwa akinicheka. Ramadhani iliyopita, kumi la mwisho, kanzu zimerundikana hadi dirishani, nilimwona anainuka huku ameshika kiuno. Sikusema neno. Bobini yangu ilipoisha nikasimama, naye akasimama, tukaenda nje tukaweka viganja kwenye ukuta wa mawe, kila mtu mguu nyuma. Mzee mmoja anayeshinda barazani mkabala nasi, kahawa mkononi, akatutazama kwa muda.

"Mafundi, nyumba yaanguka?"

"Twaizuia," nikamjibu.

Akanywa kahawa yake. Kisha akaiweka kando, akajiinua kwa mikono miwili, akavuka njia akichechemea, akatafuta nafasi ukutani kati yetu.